Nimeshinda kesi ya kazi CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi) kwa sababu ya faili, wafanyabiashara wenzangu amkeni

Juzi kuna dada mmoja wa Kahama kanitumia meseji, "Shikamoo dada, nimemfukuza binti wa dukani alikuwa ananiibia, sasa nimeletewa wito wa CMA anadai mishahara ya miezi 12, na mimi ushahidi wa wizi ninao kwenye simu, nifanyeje?" Imenigusa sana hii meseji kwa sababu mimi tuzo yangu, yaani uamuzi wa CMA, imetoka hivi karibuni na nimeshinda, na nilishajiahidi siku nikishinda nitaandika.

Kwa wasiojua kisa changu, nina duka la vifaa vya ujenzi hapa Morogoro, simenti, nondo, mabati, rangi. Stoo nilikuwa na kijana mchangamfu, wateja wanampenda, kakaa kwangu zaidi ya mwaka. Ikafika kipindi hesabu ya simenti haikai, daftari linasema hivi, mifuko iliyopo stoo inasema vingine. Nikabeba delivari noti zote nyumbani, nikazipanga mezani kwa tarehe, ndo nikaona kwamba mizigo ya Jumamosi jioni haina saini ya mteja, ina saini ya kijana peke yake, na ukienda kwenye mashine ya EFD hakuna risiti ya mzigo huo.

Nyumbani wakaniambia peleka polisi, na majirani zangu wa biashara wakaniambia kata mshahara wake wote umwambie asirudi. Nikakataa yote mawili na wakaniona naogopa. Mimi siogopi, mimi nimesoma. Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema mfanyakazi akishashtakiwa kwa kosa la jinai, huwezi kumwachisha kazi kwa kosa hilohilo mpaka kesi na rufaa ziishe, kwahiyo unaweza kukaa na mtu kwenye orodha yako muda mrefu huku unasubiri mahakama. Na kukata mshahara kufidia hasara kuna masharti yake, unamwandikia hasara ni ipi na umeipigaje hesabu, unampa nafasi ya kupinga, na makato yote kwa pamoja yasizidi robo ya mshahara.

Nilichofanya ni hiki. Nilimwandikia barua ya tuhuma yenye tarehe na idadi ya mifuko, nikampa na nakala za delivari noti zenyewe, nikamwambia aje kwenye kikao cha nidhamu na mfanyakazi mwenzake anayemtaka. Kanuni za mwaka 2007, lile tangazo la serikali (GN) namba 42, zinataka apewe muda usiopungua saa 48 kujiandaa, mimi nilimpa zaidi ya hapo. Uenyekiti sikukaa mimi, maana mimi ndo mlalamikaji na huwezi kuwa mlalamikaji halafu ukawa hakimu, akakaa mhasibu wetu ambaye mambo ya stoo hakuwa na mkono wake. Kijana alikuja na fundi wetu wa mabati, akajieleza weee, kila neno likaandikwa, mwisho wa kikao wote wakasaini kila ukurasa. Baada ya hapo ndo ikatoka barua ya kuachishwa yenye sababu, nikamlipa siku alizofanya kazi na likizo yake iliyobaki, nikampa na cheti cha utumishi.

Akaenda CMA ndani ya zile siku 30 za sheria, haki yake. Usuluhishi ukagoma, tukaenda kwenye uamuzi. Sasa sikiliza hapa, mwamuzi hakuanza na simenti! Aliuliza kijana alipewa barua lini, alipewa nafasi ya kujitetea, mwenyekiti wa kikao alikuwa nani. Nikatoa faili. Mwakilishi wake akaomba alione, akapitia karatasi moja moja, alipofika kwenye saini ya kijana kwenye muhtasari wa kikao akalifunga na kulirudisha. Nilijua pale pale.

Lakini iliniuma na bado inaniuma. Ndugu zake walienda mpaka kwa mama yangu mzazi kusema namdhulumu mtoto wa watu, nikachafuliwa kwenye grupu la mtaa, na waliokuwa wanachangia ni watu ninaowakopesha simenti wakati wa kumwaga jamvi. Hakuna hata mmoja aliyerudi kusema samahani. Basi, Mungu yupo.

Ndo maana nawaambia, biashara yenye watu watatu nayo ni ofisi. Andika mkataba. Usipokuwa na maandishi, mkibishana kuhusu mshahara au masharti ya kazi mzigo wa kuthibitisha ni wako wewe mwajiri, siyo wake. Andika mkataba hata kama ni mtoto wa dada yako. Na wale mnaotoa watu kila wakikaribia miezi 6 ili wasifikie kinga ya kuachishwa isivyo halali, mchezo huo hauna baraka, na hutakaa upate mtu wa kukutunzia stoo kwa namna hiyo.

Halafu mambo yanabadilika na watu hamfuatilii, mnafuatilia bei ya nondo tu. Kima cha chini sekta binafsi kimepanda kuanzia Januari 1, 2026, kwa wastani kimetoka 275,060 kwenda 358,322, na kila sekta ina kiwango chake, kwahiyo tafuta cha kwako. Mwaka 2025 sheria ilirekebishwa, mama akijifungua mtoto njiti anaongezewa muda juu ya zile siku 84. Ukiwa na wafanyakazi 10 unaingia kwenye SDL, tozo ya kuendeleza ujuzi, ya asilimia 3.5. WCF, mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, ni asilimia 0.5 ya mishahara, hiyo lipa hata kama una mmoja, siku tofali zikimwangukia mtu mguuni ndo utaelewa. Na andika mkataba, narudia tena.

Dada yangu wa Kahama, ushahidi wa kwenye simu utunze lakini usiutegemee wenyewe, maana utaulizwa kikao kilikuwa wapi. Kama hukufanya kikao basi usuluhishi ndo nafasi yako, nenda na nia ya kuongea, mnaweza kukubaliana kiasi mkasaini likaisha. Huduma ya CMA ni bure na Kiswahili ndo kinaongewa, usiogope kwenda hata bila wakili. Ila tarehe ya wito usiikose kwa namna yoyote, mwajiri usipotokea msuluhishi anaweza kuamua lalamiko bila wewe. Nitumie picha ya huo wito nione tarehe.