Mkemia Akishasema ni Heroini, Je, Kesi Imekwisha?

SWALI: Mpwa wangu anashtakiwa kwa kusafirisha heroini. Mkemia wa Serikali ameshatoa ushahidi kwamba unga uliokamatwa ni heroini kweli, na watu wanatuambia kuwa mtaalamu akishasema, mahakama haina la kuongeza. Je, ndivyo sheria ilivyo?
Msomaji, Tanga

JIBU: Sivyo, ndugu msomaji. Sheria ya Ushahidi ya Tanzania, Sura ya 6, inairuhusu mahakama kupokea maoni ya mtaalamu kwa sababu jaji hawezi kuutazama unga akajua ni kitu gani. Lakini maoni hayo hupimwa pamoja na ushahidi mwingine, na mahakama inaweza kuyakataa ikitoa sababu.

Mkemia anajua kilichomo ndani ya bahasha, lakini hajui ilitoka mikononi mwa nani. Kwa hiyo maswali ya dodoso, yaani yale ambayo upande wa utetezi humuuliza shahidi wa mashtaka, yenye uzito zaidi ni haya: bahasha ilimfikia ikiwa na lakiri? Nani aliileta? Uzito alioupata unalingana na ule wa hati ya ukamataji, ile inayoorodhesha vitu vilivyokamatwa? Mahakama ya Rufani imesisitiza mara nyingi kwamba safari ya kielelezo, tangu kinapokamatwa hadi kinapofikishwa mahakamani, ijulikane hatua kwa hatua, ingawa imekubali pia kwamba mashahidi wanaweza kuieleza safari hiyo kwa mdomo; familia isidhani kuwa fomu moja ya makabidhiano iliyokosekana inatosha kumwachia mshtakiwa.

Aulizwe pia alipima vipi. Kipimo cha awali cha rangi, ambacho heroini hukigeuza zambarau, ni dokezo tu. Uthibitisho hutoka kwenye mashine za maabara zinazotenganisha kemikali na kuzitambua.

Wapo wanaoona kwamba kumhoji mtaalamu wa Serikali ni kumvunjia heshima. Mimi siafiki hata kidogo. Katika jimbo la Massachusetts, Marekani, mkemia mmoja wa maabara ya serikali alikiri makosa ya kuvuruga ushahidi mwaka 2013, na mwaka 2017 zaidi ya kesi 21,000 za dawa za kulevya zilizopitia mikononi mwake zikafutwa, wakati baadhi ya waliofungwa walikuwa wameshatumikia adhabu zao.

Ikiwa mkemia wenu ameshatoka kizimbani bila kuulizwa haya, wakili anaweza kuiomba mahakama imwite tena, kwani Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, inaipa mahakama uwezo huo kabla ya hukumu. Zungumzeni na wakili huyo mapema, mkiwa na nakala ya taarifa ya mkemia na ya hati ya ukamataji.