Kondoo wasiposhika mimba, anza na dume

Mwaka wangu wa tatu wa kufuga kondoo aina ya Dorper huku Kajiado nilipandisha majike 28, wakazaa 9 tu. Nikawalaumu majike, hata nikauza wanne. Kumbe wiki tatu kabla ya kuwekwa nao, dume alikuwa ameugua homa kali. Tulimtibu, akapona, akala vizuri, akawa anapanda bila kuchoka. Sikujua kwamba mbegu za kondoo huchukua takriban wiki saba kutengenezwa. Homa inapoziunguza, hasara huonekana mwezi unaofuata na ule wa baada yake, wakati dume mwenyewe anaonekana mzima kabisa. Wale wanne niliowauza bado wananiuma.

Kwa hiyo mkague dume miezi miwili kabla. Chuchumaa nyuma yake, shika korodani zote mbili. Ziwe na ukubwa sawa, zijae, zikaze kama msuli wa mkono uliokunjwa. Chini ya kila moja utagusa kinundu. Hicho ni cha kawaida, lakini vilingane. Kimoja kikiwa kimevimba na kuwa kigumu, au korodani ikibonyea kama nyanya iliyoiva kupita kiasi, muite daktari wa mifugo kabla ya kumtumia. Pima mzingo wa korodani zote mbili pamoja kwa futi ya fundi cherehani: dume aliyekomaa asipungue sentimita 30. Kagua na kwato, maana anayechechemea hawezi kufuata majike. Mpe kivuli mchana. Jua kali nalo huharibu mbegu.

Dume aliyekomaa mpe majike 30 hadi 40, kijana nusu ya hapo. Halafu mpake kifuani udongo mwekundu uliochanganywa na mafuta ya kupikia, urudie kila baada ya siku mbili tatu. Jike aliyepandwa utamwona na doa jekundu juu ya mkia. Baada ya siku 16 badilisha, paka masizi. Jike asiyeshika hurudi kwenye joto, yaani hutaka dume tena, baada ya siku 17 hivi, kwa hiyo ukiona wengi wenye doa jekundu wanapata jeusi juu yake, tatizo ni dume. Mtoe haraka, weka mwingine. Ningekuwa na kopo la udongo mwaka ule, ningejua mapema.

Majike nao wana yao. Usimpime jike kwa macho, hasa kondoo aina ya Red Maasai, kwa sababu mkia wenye mafuta hudanganya. Bonyeza kiunoni, nyuma ya ubavu wa mwisho. Mifupa ikichoma vidole, amekonda. Usipoihisi kabisa, amenenepa mno, na huyo pia hushika kwa shida. Wiki tatu kabla ya kupandisha waongezee kila mmoja robo kilo hadi nusu kilo ya nafaka kwa siku, uwapeleke malisho mazuri. Waliokuwa wamekonda kidogo ndio hunufaika zaidi, na mapacha huongezeka. Dawa ya minyoo uwape wakati huo pia. Ile iitwayo albendazole usiwape mwezi wa kwanza wa mimba, kwa sababu inaweza kulemaza mtoto tumboni. Mwezi huo huo usiwaswage safari ndefu wala kuwasafirisha kwa lori.

Vidume vitenge na mama na dada zao vikifika miezi minne, na dume mkuu mbadilishe kabla hajapanda binti zake. Jike akitupa mimba, usiguse kitu mikono mitupu, na mwanamke mjamzito asikaribie. Akitupa wakati mvua imezidi, ripoti kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Huenda ni homa ya Bonde la Ufa, ugonjwa unaoambukiza hata watu.

Tarehe ya doa la mwisho la kila jike iandike daftarini, uhesabu siku 147. Siku kumi kabla ya hapo, zizi lake liwe limefagiliwa na kukauka.