Jibu: Kijivu kilichogeuka buluu ukutani

Umeuliza kwa nini kijivu ulichokipenda pichani kimegeuka buluu sebuleni kwako, na uanzie wapi upya.

Mchawi ni mwanga. Kijivu kingi kina chembe ya buluu, kijani au zambarau, na dirisha lisilopigwa na jua huitoa nje. Weka kadi ya rangi juu ya karatasi nyeupe pepe, utaiona hapo hapo.

Picha weka kando kwanza. Anza na kitu ambacho hutakibadilisha: zulia, vigae, pazia. Chukua humo rangi iliyotulia kuliko zote iende ukutani, ya pili kwenye makochi, ile kali ibaki kwa mito na taa. Wapambaji husema 60, 30, 10 kwa mia. Ni kipimo cha macho, usitoe rula.

Jaribio usilipake ukutani moja kwa moja, maana rangi ya zamani inayolizunguka itakudanganya. Paka mikono miwili (yaani tabaka mbili) kwenye kadibodi nyeupe ya sentimita 60 kwa 60, ukiacha ukingo mweupe wa sentimita 5. Subiri ikauke kabisa (rangi mbichi haisemi kweli), kisha ihamishe ukuta hadi ukuta asubuhi, alasiri, na usiku taa ikiwaka. Balbu ya 2700K (K ni kelvini, kipimo cha rangi ya mwanga) huongeza umanjano. Ya 6500K itakurudishia buluu ile ile unayoikimbia.

Kuta nne zikishapakwa huakisiana, rangi ikaonekana kali kuliko kwenye kadi. Ukisita kati ya mbili, chukua iliyofifia zaidi.