Fundi anajibu: 12 ya transfoma, 16 ya kapasita

Transfoma yangu imeandikwa volti 12. Nikiweka diodi nne na kapasita, mita inasoma 16. Imeharibika? (Uyole)

Haijaharibika, na swali hili halikomi kuja. Ile 12 ni ya AC, inayopanda na kushuka, na kilele chake ni 12 mara 1.41, karibu 17. Diodi hupitisha umeme upande mmoja tu. Kwenye daraja la diodi nne, mbili hupitisha kwa pamoja na kila moja hula volti 0.7. Inabaki 15.6. Kapasita, inayohifadhi umeme, hujaa hadi kileleni na kutulia hapo kama hakuna kinachotumia umeme, na transfoma isiyo na mzigo yenyewe hutoa zaidi kidogo ya ilichoandikiwa. Funga taa uone itakavyoshuka.

Ambalo hukuuliza: kapasita yako imeandikwa volti ngapi? Kama ni 16, iko ukingoni: itoe leo, uweke ya 25. Na hasi yake iwe upande wa hasi. Iliyogeuzwa hulipuka, na uso wako utakuwa hapo hapo juu yake.

Kamwene fundi. Diodi moja haitoshi? (Mafinga)

Kamwene. Inatosha kwa anayeridhika na nusu ya umeme.

Diodi yangu inaungua kila nikibadilisha. Niweke ipi? (Ilomba)

Mzigo wako unavuta ampea ngapi? Hukusema, kama wenzako wote wa mwezi huu. 1N4007 mnayoipenda inabeba ampea 1 tu. Ile 1000 inayotajwa kwake ni volti inazoweza kuzuia, haihusiani na mzigo. Pima ndipo uandike tena.

Ugonile fundi. Amplifaya inanguruma hata sauti ikiwa chini kabisa. (Tukuyu)

Ugonile. Sikiliza ngurumo yenyewe kwanza. Umeme wetu ni hezi 50, na daraja zima hutoa mawimbi 100 kwa sekunde. Ngurumo ya 100 inaelekeza kwenye kapasita: imechoka, au ilikuwa ndogo tangu mwanzo. Kwa mzigo wa ampea 1, kapasita ya maikrofaradi 4700 huacha wimbi la volti 2 hivi. Ya 1000 ni utani. Ngurumo ikiwa nzito zaidi, yaani ya 50, huenda diodi moja imekatika na daraja linafanya kazi nusu, au waya za sauti zinaokota umeme wa ukutani. Chomoa waya za sauti. Ikinyamaza, diodi hazina kosa.

Usikimbilie kubadilisha spika. Wanaokuuzia spika hawatakuambia haya.

Betri mpya, asubuhi gari haliwaki. Ni baridi? (Njombe)

Baridi ya Njombe inasingiziwa mengi. Altaneta, inayochaji betri ya gari, huzalisha AC ya fezi tatu, na ndani yake kuna diodi, kwa kawaida sita, zinazoigeuza DC, umeme wa upande mmoja. Moja ikivuja, betri inarudisha umeme kwenye altaneta usiku kucha. Zima gari, toa waya wa hasi wa betri, fungua ule waya mnene wa altaneta, ufunike kwa tepu, rudisha hasi, ulale. Asubuhi betri ikiwa na nguvu, umempata mwizi. Ila usiwashe injini kabla hujaurudisha ule waya.

Na nyie mafundi wa gereji mnaochomoa terminali ya betri injini ikiunguruma “kupima altaneta”: acheni. Volti huruka ghafla, zikaua diodi nzima na kompyuta ya gari kwa pamoja. Mita haigharimu hata robo ya kompyuta hiyo.

Naweza kuchaji betri ya pikipiki moja kwa moja kwenye soketi, kwa diodi na balbu, bila transfoma? (Mwanjelwa)

Hapana. Najua wanaofanya hivyo na betri zao zinajaa. Balbu inapunguza ampea tu. Nguzo za betri bado zimeungwa na umeme wa 230, ambao kilele chake ni 325. Mtoto akizigusa, fyuzi haitakatika kwa ajili yake.

Ule mstari kwenye diodi ni upande gani? (Vwawa)

Kathodi. Ndiko chanya inakotokea.