Kudansi nako kuna digrii? Anti anajibu

Toleo lililopita niliteleza nikasema mi mwenyewe nilisomea dansi chuo kikuu, basi nikawa nimechokoza nyuki, barua zimemiminika mpaka zile za mapenzi zimekosa nafasi (mtanisamehe wenye mioyo iliyovunjika, zamu yenu inakuja). Nimechagua tatu.

Shikamoo Anti. Nina miaka 19, nacheza tangu mdogo ila darasani sijawahi kuingia hata siku moja, nimejifunza kwa video na kwa washkaji. Nataka kuomba kozi ya dansi na sanaa ya mwendo jukwaani, wenzangu wananicheka eti naenda kusomea kukata kiuno miaka mitatu. Kwani huko wanasoma nini hasa? Na odishini je, ule usaili wa kucheza mbele ya walimu, bila balei si watanirudisha mlangoni? – Kiuno Bila Cheti

Marahaba Kiuno, hilo jina usilibadilishe hata ukishapata cheti.

Nikwambie ukweli, hata mi nilienda nikijua naenda kuongezewa staili. Asubuhi ya kwanza mwalimu akatulaza chali sakafuni, macho tumefumba, tunasikiliza mgongo unavyogusa chini, yaani karibu kipindi kizima! Nikajiuliza moyoni, ndo nimelipa ada nije kulala? Baadaye kwenye somo la historia nikakuta kumbe hilo jambo lina wenyewe. Kuna mama mmoja anaitwa Margaret H'Doubler, alisomea baiolojia wala hakuwa dansa, pale Chuo Kikuu cha Wisconsin huko Marekani alikuwa anawaanzisha wanafunzi wake wakiwa wamelala chini ili mwili usihangaike kubeba uzito wake, na darasani ana mifupa ya binadamu imening'inizwa ili waone kiungo kinazungukaje. Mwaka 1926 chuo hicho kikawa cha kwanza Marekani kutoa digrii ya dansi. Kwahiyo wakikucheka waambie wamechelewa sana kushtuka.

Sasa unasoma nini. Kuna tekniki karibu kila siku, kuna anatomia (mwili umeundwaje), historia, kutunga dansi, na insha, tena insha za kweli zenye marejeo, hapo ndo wengi wanalia. Ila kama ningeambiwa nichague kitu kimoja cha kukuonyesha kwanini hii ni elimu na sio mazoezi tu, ningekupa Rudolf Laban. Huyu mwaka 1928 alitoa mfumo wa kuandika mwendo kwa alama, kama wanamuziki wanavyoandika noti, halafu akaendelea kuchambua mwendo unaendeshwa na nini: uzito, muda, nafasi na mtiririko. Ukisoma hivi unaona maneno matupu, ebu jaribu sasa hivi hapo ulipo. Nyanyua mkono kama unaondoa utando wa buibui usoni. Haya, nyanyua mkono huohuo, njia ileile, ila kama unasukuma mlango uliokwama. Umeona? Njia ni moja lakini anayekutazama ameona watu wawili tofauti, mmoja anaogopa na mwingine kakasirika. Dansa wa mtaani anaweza kufanya yote mawili vizuri tu, ila ukimuuliza umebadilisha nini atakwambia "sijui, nimefeel". Chuo kinakufundisha kujua umebadilisha nini, ili kesho ukitaka ukirudie, au umwelekeze mwenzio.

Na hiyo "sanaa ya mwendo" kwenye jina la kozi usiichukulie poa, maana sio dansi peke yake. Inaweza kuwa kuigiza kwa mwili bila maneno, kuvaa kinyago, kuchekesha. Jacques Lecoq, mwalimu wa maigizo Mfaransa, alifungua shule yake Paris mwaka 1956 na wanafunzi wanavalishwa kinyago kisicho na hisia yoyote, uso ukishafichwa mwili hauna pa kujificha. Kuna kozi zinaegemea huko zaidi kuliko dansi, kwahiyo soma orodha ya masomo kabla hujajaza fomu, jina la kozi linadanganya.

Odishini sasa. Mara nyingi mnafanya darasa la pamoja kwanza, halafu unaonyesha solo fupi, dakika moja au mbili, wengine wanakupa zoezi la kubuni papo hapo, halafu mnakaa mnaongea. Balei kuna vyuo vinaidai kweli na vingine wala, wenyewe wanaandika kwenye matangazo yao. Kwa mtu aliyejifunza kwa video kama wewe wasiwasi wangu ni mwingine kabisa. Unashika mwendo haraka, hilo nakupa, lakini umezoea kucheza mbele ya kamera, kila kitu chako kinaangalia mbele, mgongo wako haujawahi kuchezeshwa, na sakafu huijui. Halafu umezoea kucheza peke yako. Dansa wa Marekani Steve Paxton mwaka 1972 alianzisha kitu kinaitwa kontakti improvaizesheni, watu wanapeana uzito, unamwegemea mwenzio mpaka mnajikuta mko mahali hakuna aliyepapanga, na vyuo vingi wanakitumia. Mi siku ya kwanza nilikakamaa kama gogo. Kwahiyo miezi hii iliyobaki acha kuongeza staili, jifunze kushuka chini na kunyanyuka bila kelele, na geuza solo yako uicheze ukiwapa mgongo uone kinabaki nini.

Solo iwe ya staili yako hiyohiyo, usiende kuazima balei ya wiki mbili. Na mwalimu akikurekebisha, jaribu palepale hata kama unakosea, wanaangalia hilo kuliko mguu umefika wapi.

Anti, mimi ni mama wa binti aliyefaulu sayansi vizuri sana, leo ananiambia anataka dansi. Sitaki kumvunja moyo lakini atakula nini? – Mama Mwenye Presha

Pole mama, na siwezi kukudanganya. Wanaoajiriwa moja kwa moja kwenye kikundi cha dansi na kulipwa mwaka mzima ni wachache, wengi wetu tunachanganya: unafundisha, unatunga kazi za watu, unaelekeza mwendo wa waigizaji, mwezi huu una kazi tatu mwezi ujao hauna hata moja. Asiyeweza kuishi hivyo ajijue mapema. Kuna njia zinazotaka sayansi hasa, kama tiba kwa dansi au sayansi ya dansi yenyewe, mambo ya majeraha na mazoezi, ila hizo mara nyingi zinadai masomo zaidi baada ya digrii ya kwanza.

Lakini kuna mtu nataka umjue. Pearl Primus alimaliza digrii ya baiolojia New York mwaka 1940 akitaka udaktari, akatafuta kazi maabara akanyimwa kwa sababu ya rangi yake, akaangukia kwenye dansi akawa mmoja wa wakubwa kabisa, na mwaka 1978 akapata PhD yake. Na dansa mwingine, Katherine Dunham, alisomea anthropolojia (elimu ya watu na mila zao) Chicago, miaka ya 1930 akaenda visiwa vya Karibi kuchunguza ngoma, akarudi na tekniki inayofundishwa mpaka leo. Kwahiyo hizo alama za sayansi za binti hazijaenda bure. Mwambie akuonyeshe kozi anayoitaka, muulize maswali mawili tu: anatomia ipo? Na mwaka wa mwisho wanapelekwa kwenye kazi za nje au wanaishia studio? Akikosa majibu ni kwamba hajaisoma, na hapo una haki ya kukaza.

Niko mwaka wa pili, goti linauma kila baada ya balei, nikimwambia mwalimu ananiambia fungua miguu zaidi. Nifanyeje? – Goti

Usifungue zaidi! Kule kufungua, yaani kugeuza miguu ielekee nje, kunatoka kwenye nyonga, na nyonga zetu hazijaumbwa sawa. Ukilazimisha nyayo zifike pale nyonga haijafika, goti linasokotwa katikati, na goti kazi yake kubwa ni kukunja na kukunjua. Simama mbele ya kioo ukunje magoti taratibu, likianguka ndani kuliko vidole vya mguu basi umepitiliza, rudisha nyayo mpaka goti na vidole vielekee upande mmoja, hata kama inaonekana ndogo na mwalimu ananuna. Halafu nenda kwa mtu wa fiziotherapia (tiba ya viungo) wiki hii, sio baada ya shoo, urudi na karatasi yake. Hata mwalimu aliyegoma kukusikia, karatasi ataisoma.