Kabla hujamtoa injinia kwenye ndege ya mizigo

Ukisikia mtu anasema injinia wa ndani ya ndege, yule anayesimamia injini na mifumo safarini, amepitwa na wakati, muulize kwanza: kwenye ndege ipi? C-130H na C-130J, ndege za mizigo za kijeshi zenye propela nne, ukizitazama kwa mbali utadhani ni mapacha, lakini H huruka na watu watano (marubani wawili, navigeta, injinia na msimamizi wa mizigo), na J watatu tu.

Chukua uwashaji wa injini moja ya H, iitwayo T56. Mzunguko ukifika asilimia 16 ya kasi kamili, mafuta na cheche huingia. Asilimia 65, cheche hukatwa. Asilimia 94, valvu za kupunguza hewa kwenye kompresa hufungwa. Muda wote huo lazima jicho la mtu libaki kwenye geji ya joto la tabaini: likipita nyuzi 850, injini inazimwa papo hapo. Mzunguko ukigoma kupanda huku joto likipanda, zima vilevile, usisubiri ijirekebishe. Ukizubaa sekunde chache, tabaini imeungua. Na injini ziko nne.

Halafu kuna hesabu za kupaa, na hapa ndipo wengi wanapomdharau bure. Kwenye uwanja wa juu kama Nairobi, mita 1,600 hivi, jua la saa saba mchana, injini hufika kikomo chake cha joto, nyuzi 1,083, kabla ya kufika kikomo cha toki (nguvu ya kuzungusha propela), paundi-inchi 19,600. Kwa hiyo injinia anakokotoa mapema toki inayotarajiwa siku hiyo. Joto likiwa limefika kikomo na geji inasoma chini ya hesabu, injini hiyo imechoka, na ni heri kulijua hilo njia ya kurukia ikiwa bado ndefu mbele.

Kwenye J, kompyuta ya injini ndiyo inayopima mafuta na kulinda joto, na hitilafu zinajiandika zenyewe kwenye skrini. Hapo kiti cha injinia kweli hakina kazi.

Ila msidanganywe na skrini. C-5M Super Galaxy, ndege kubwa ya mizigo ya jeshi la Marekani, ilipata injini mpya za CF6 zinazoendeshwa kwa kompyuta na skrini za kisasa mbele ya marubani, na bado inabeba mainjinia, kwa sababu mifumo ya mafuta, umeme na haidroliki bado inasimamiwa kwenye paneli yao. Il-76, ndege ya mizigo ya Kirusi, nayo hubeba injinia.

Kikosi kinachohamia ndege ya watu watatu kiandike mapema nani atarithi kazi za injinia pale chini: kukagua kabla ya safari, kujaza mafuta kwa mpangilio wa matangi, kupima oili, kuamua kama tone linalovuja linaruhusiwa au la. Ukimwachia msimamizi wa mizigo, mpe mafunzo na muda. Huyo tayari ana minyororo na paleti za kufunga. Kwa safari za viwanja visivyo na karakana, beba fundi.

Mnaobaki na H, angalieni chupa mnazopakia. Propela yake ya zamani ya panga nne hujazwa mafuta ya haidroliki, siyo oili ya injini, kwa hiyo makopo ya aina hizo mbili yasikae sanduku moja.