Bibi wa Kagera aliuza shamba mwaka gani? Jibu kwa mwalimu wa Uraia

SWALI: Shikamoo wakili. Nafundisha Uraia kidato cha pili. Wiki iliyopita nilisema darasani kwamba haki za binadamu zinatokana na Katiba. Mwanafunzi mmoja akasimama: "Kwa hiyo kabla ya Katiba babu zetu hawakuwa na haki?" Mwingine akasema zinatoka kwa Mungu. Nikakosa la kujibu. Kisheria zinatoka wapi? Na Bunge likifuta ibara, haki inakufa? (Mwalimu, Kagera)

JIBU: Marahaba, mwalimu. Huyo aliyeuliza habari za babu ana kichwa cha kiwakili, usimnyamazishe.

Fungua Katiba yetu ya 1977, ibara ya 12(1): "Binadamu wote huzaliwa huru, na wote ni sawa." Tazama kitenzi. Imeandikwa "huzaliwa", haikuandikwa "watapewa". Katiba yenyewe inakiri kwamba uhuru imeukuta. Wakenya walilinyoosha zaidi mwaka 2010: ibara ya 19 ya Katiba yao inasema haki hizi ni za kila mtu na hazitolewi na Serikali. Kwa hiyo ulipowaambia watoto kwamba zinatokana na Katiba, uliteleza kidogo.

Kwa nini basi binadamu awe nazo? Hapo sheria imekaa kimya, tena kwa makusudi. Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu, lile la Umoja wa Mataifa, lilipokuwa linaandikwa mwaka 1948, wajumbe wa Brazil walitaka litaje kwamba binadamu ameumbwa kwa mfano wa Mungu. Hawakukubaliwa. Hata maneno ya kusema binadamu amejaliwa akili na dhamiri "kwa asili" yake yaliondolewa. Tamko likapita Paris tarehe 10 Desemba kwa kura 48, hakuna aliyepinga, nchi 8 zikajizuia. Mwanafunzi wako wa pili ana ruhusa kamili ya kuamini kwamba zinatoka kwa Mungu, na jirani yake asiyeamini hivyo analindwa sawasawa.

Mahakamani, lakini, jaji hakuulizi unaamini nini. Anauliza: "Maombi yako umeyaleta chini ya kifungu gani?" Na kwa kuwa uko Kagera, nikupe kesi ya kwenu.

Bibi mmoja wa Kihaya alirithi shamba la ukoo kwa wosia wa baba yake. Alipozeeka na kukosa wa kumtunza, Agosti 1988 akaliuza kwa shilingi 300,000 kwa mtu asiye wa ukoo. Kesho yake tu mtoto wa ndugu yake akakimbilia Mahakama ya Mwanzo Muhutwe, akitaka mauzo yabatilishwe. Mila, kama zilivyoandikwa na Serikali mwaka 1963, zilikuwa upande wake: mwanamke aliruhusiwa kulitumia shamba la ukoo, kuliuza hapana. Kesi ikapanda hadi Mahakama Kuu Mwanza. Mwaka 1990 Jaji James Mwalusanya akaamua kwamba huo ni ubaguzi, unagongana na ibara ya 13 ya Katiba na mikataba ya kimataifa, na kwamba bibi ana haki ya kuuza kama mwanamume. (Ukoo nao hakuutupa: aliuacha uweze kulikomboa shamba kwa kurudisha hizo 300,000 ndani ya miezi sita.)

Sasa hesabu miaka, mwalimu. Tulipata uhuru 1961 bila ya orodha ya haki ndani ya Katiba. Ile sehemu ya Haki na Wajibu Muhimu iliingizwa mwaka 1984, na hata hapo Serikali ikajipa muda wa kusafisha sheria zake; hakuna aliyeweza kuidai mahakamani mpaka Machi 1988. Bibi aliuza Agosti. Ilikuwa imepita miezi mitano! Angeuza mwaka 1980, utu wake ungekuwa uleule, shamba lilelile, na sioni Jaji Mwalusanya angeshika ibara gani. Hapo una jibu la babu: haki walikuwa nazo, pa kuidaia ndipo hawakuwa napo.

Na Bunge likifuta? Hilo halihitaji kubuniwa, lilitokea. Mwaka 1994 Mchungaji Christopher Mtikila alishinda Mahakama Kuu Dodoma: Jaji Lugakingira akasema raia anaweza kugombea bila kudhaminiwa na chama. Mwaka huohuo Bunge likabadilisha Katiba kuziba njia hiyo, na mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikasema jambo hilo ni la Bunge. Ndani ya nchi, kwisha. Lakini tulikuwa tumeridhia Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, na mwaka 2013 Mahakama ya Afrika, inayokaa Arusha, ikaamua kwamba Tanzania imevunja haki ya raia kushiriki katika uongozi wa nchi yake. Uchaguzi wa 2015 na wa 2020 ulifanyika kwa wagombea wa vyama tu, kama kawaida. Bunge halikuiua haki ile. Liliifungia nje, ikapita kwa jirani, ikarudi na hukumu ambayo haijatekelezwa.

Novemba 2019 Serikali iliondoa tamko lililowaruhusu watu binafsi kwenda moja kwa moja Arusha. Mkataba wenyewe haikuuacha, na Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Banjul nchini Gambia, bado inapokea malalamiko. Hapa nyumbani njia ni Mahakama Kuu, ibara ya 30(3), pamoja na Sheria ya Utekelezaji wa Haki na Wajibu Muhimu, Sura ya 3. Marekebisho ya 2020 yalitaka uoneshe kwa kiapo jinsi wewe mwenyewe ulivyoathirika, yakamfungia mlango mtu aliyetaka kufungua kesi kwa niaba ya jirani yake; mwaka 2025 Mahakama ya Rufani ikasema sharti hilo linakwenda kinyume na Katiba.